Kukesha kiroho bila kuishi kwa hofu

Ndugu yangu katika Kristo, umeeleza kwamba tangu usikie mahubiri juu ya kurudi kwa Bwana hupati usingizi, unatubu dhambi ileile kila usiku, na sasa unafikiria kuacha kazi ili uombe mchana kutwa. Nimekuelewa, na hamu yako ya kuwa tayari ni njema.

Soma tena Mathayo 25 polepole: katika mfano wa Yesu, wanawali wote kumi waliomngoja bwana arusi na taa zao walisinzia wakalala, wenye busara pamoja na wapumbavu, na kilichowatenganisha ni mafuta yaliyowekwa akiba mapema. Kwa hiyo kulala kwako si dhambi. Katika Luka 12 mtumwa anayeitwa heri ni yule ambaye bwana wake akija atamkuta akiwagawia wenzake posho kwa wakati wake, yaani akiwa kazini. Basi kazi usiiache. Tenga muda wa sala kila asubuhi, na usiku ungama dhambi ya siku hiyo kwa kuitaja, kisha ulale. Kama kuna mtu uliyemkosea au deni unalolikwepa, anzia hapo, maana wengi wetu hufunga na kukesha huku hatujaomba radhi.

Jihadhari na yeyote anayetaja tarehe. Wafuasi wa William Miller, mhubiri wa Marekani, walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844 wakavunjika moyo, ilhali Mathayo 24:36 inasema hakuna aijuaye siku ile. Hofu ikiendelea kukunyima usingizi na hamu ya kula, mwone mchungaji wako, na daktari pia, bila kuchelewa.