Maswali ya Wasomaji: Kutia wino upya utepe wa printa

SWALI: Nina duka la vipuri vya magari hapa Majengo, Moshi, na hati za kukabidhi mizigo huzichapa katika nakala tatu kwa printa ya pini. Kila utepe unapofifia hununua mwingine, na gharama hiyo inanielemea. Jirani mmoja ananishauri niutie wino wa muhuri, na mwingine anasema mafuta ya cherehani yanatosha. Je, ninaweza kuutia wino nyumbani bila kuiharibu mashine? – Mama N., Moshi

JIBU: Unaweza, Mama N., na kwa duka linalochapa hati kila siku ni jambo la busara, mradi wino uwe ndio hasa. Ushauri wa jirani wa kwanza usiufuate kabisa.

Kichwa cha printa yako kina pini nyembamba za chuma, 9 katika mashine nyingi za dukani na 24 katika zile zenye maandishi laini zaidi. Kila pini hurushwa mbele, hugonga kitambaa cha nailoni kilicholowa wino, na kuacha nukta kwenye karatasi. Pini hizo hupita katika vitundu vidogo mno, nazo hupata joto kazi inapokuwa nyingi, ndiyo maana wino wa utepe hutengenezwa kwa mafuta yasiyokauka upesi: wino huohuo unaoandika ndio unaozilainisha pini. Wino wa muhuri aghalabu ni wa maji au spiriti, haulainishi chuma, na ukikauka huganda ndani ya vitundu. Pini ikikwama ikiwa imechomoza, hunasa nyuzi za utepe na mwishowe huvunjika, na hapo utatakiwa kununua kichwa kipya, ambacho bei yake ingekununulia tepe nyingi. Mafuta ya cherehani, kwa upande wake, hayana rangi, kwa hiyo hayawezi kurudisha weusi uliokwisha. Dukani ulizia wino wa mafuta uliotengenezwa mahususi kwa tepe za printa, na muuzaji asipojua wino wake ni wa aina gani, usinunue.

Lakini kabla hujatoa hata senti, zichunguze hati zako. Nakala ya juu peke yake ndiyo inayopata wino kutoka kwenye utepe. Nakala za chini hupata maandishi kutokana na pigo la pini linalobonyeza kaboni au dawa iliyopakwa kwenye karatasi. Kwa hiyo, kama nakala ya juu ni nyeusi ya kutosha ila ya tatu haisomeki, utepe hauna kosa. Angalia kiwiko kidogo kilicho ndani ya printa, kinachosogeza kichwa karibu au mbali kulingana na unene wa karatasi, na ukiweke kwenye alama ya idadi ya nakala unazochapa. Vilevile, mstari mweupe unaokata herufi zote kwa mlalo ni dalili ya pini iliyokufa au kukwama, na hakuna wino utakaouondoa. Naona watu wengi wanalaumu utepe kwa makosa ambayo si yake.

Ikiwa maandishi yote ya nakala ya juu yamefifia kwa usawa, basi utepe ndio unaohitaji wino. Zima printa, acha kichwa kipoe, kisha toa kasha la utepe na ulilaze juu ya magazeti ya zamani, ukiwa umevaa glavu, kwa sababu wino huu hautoki kirahisi kwenye kitenge wala kwenye vidole. Usifungue kifuniko chote ikiwa unaweza kuepuka, maana utepe uliokunjamana ndani huchomoka kwa kasi na kuurudisha ni kazi ya nusu siku. Dondoshea matone machache kwenye sehemu ya utepe iliyo wazi huku ukizungusha kifundo polepole kwa upande unaoelekezwa na mshale, mpaka utepe wote uwe umepita. Ukifanya haraka au ukizidisha wino, utavuja hadi kwenye kichwa na kuchafua hati. Liache kasha usiku kucha, lizungushe tena asubuhi, kisha chapa kurasa kadhaa kwenye karatasi za kutupa kabla ya kuandika hati ya mteja.

Kitambaa nacho kina kikomo chake. Kila unapotaka kutia wino, inua utepe kwenye mwanga: ukiona nyuzi zimechakaa, ukingo umechanika au kuna kitundu, utupe hata kama una weusi. Kwa maoni yangu, kutia wino mara mbili au tatu kunatosha, kisha ununue mpya.

SWALI: Mimi ni karani jijini Arusha. Fundi alipulizia utepe wetu dawa ya kulegeza nati zilizoshika kutu, na maandishi yakarudi. Je, ni njia salama? – Msomaji, Ngaramtoni

JIBU: Ndugu msomaji, dawa hiyo haikuongeza wino wowote. Pini hugonga zaidi sehemu ya kati ya utepe, kwa hiyo kingo hubaki na wino, na dawa huuyeyusha ukasambaa hadi katikati. Njia hii inasaidia kwa muda mfupi. Dawa hiyo hushika moto kwa urahisi, basi pulizeni nje ya ofisi, mbali na jiko, na msirudishe utepe kwenye printa kabla haujakaa usiku mzima. Katika baridi ya Juni na Julai hapo Arusha wino huwa mzito na husambaa polepole, hivyo ongezeni siku nyingine. Yote haya yanahusu utepe wa kitambaa tu. Ule wa plastiki nyembamba inayong'aa aghalabu hutoa wino wote wa sehemu iliyogongwa kwa pigo moja, nao hautiwi tena.