Kinosaki: jibu kwa dada anayekwenda Osaka na anataka kuoga maji moto

Dada, swali lako nimeliona tangu juzi, nikasema nisikujibu kwa mstari mmoja. Umesema Januari unakwenda Osaka kwa mafunzo ya kazi, utakuwa na siku 2 za mapumziko, na unataka kuuona mji wa asili wa maji moto. Umeuliza uende upi, na kama ni lazima kuvua nguo zote mbele za watu, maana wewe ni Mwislamu na jambo hilo limekukalia vibaya moyoni. Mimi nilisoma Kobe miaka miwili na nusu, mji huu nimekwenda mara 3, na safari moja niliongozana na mwenzangu wa Unguja aliyekuwa na wasiwasi kama wako. Kwa hiyo nakueleza nilichokiona.

Nenda Kinosaki. Upo kaskazini mwa mkoa wa Hyogo, karibu na Bahari ya Japani, na kutoka Osaka kuna treni ya moja kwa moja inayoitwa Kounotori, maana yake korongo. Safari ni karibu saa 3. Kata tiketi ya kiti mapema, kwa sababu Januari ni msimu wa kaa na treni hujaa.

Kwa nini Kinosaki na si kwingine? Kwa sababu kule kuoga ni jambo la mji mzima. Ipo miji mingi ya maji moto ambako unafika hotelini, unaoga humo humo, unakula humo humo, kesho yake unaondoka bila kujua hata jirani ana duka la nini. Kinosaki inajulikana kwa nyumba zake 7 za kuogea za umma, zimetawanyika kandokando ya mto mdogo wenye mierebi na madaraja ya mawe. Ukilala kwenye nyumba ya wageni ya pale, ile wanayoiita ryokan, unapewa pasi ya kuingia zote zilizo wazi bila kulipa tena. Jioni watu hutoka na yukata, joho jepesi la pamba linalofungwa kwa mkanda, na miguuni wamevaa viatu vya mbao. Waliolelewa Pwani watavitambua: ni mitalawanda mitupu. Ko-ko-ko, ko-ko-ko, barabara nzima mpaka usiku. Mara ya kwanza nilisimama darajani kuisikiliza tu hiyo sauti.

Nyuma ya desturi hiyo kuna kisa ambacho wageni wengi hawaambiwi. Mei 1925 tetemeko la ardhi liliuangusha mji, na moto ukamalizia. Watu wakajenga upya. Mwaka 1927, mwenye nyumba moja ya wageni akaweka bafu la maji moto ndani kwake, kwa wageni wake. Mji ukawaka. Wenyeji wakasema maji haya ni ya wote, hayana mwenyewe, na kila nyumba ikiwa na bafu lake nani atapita barabarani, nani ataingia kwenye nyumba za umma? Kesi ikaenda mahakamani, ikaburutana mpaka 1950 ndipo wakapatana: mabafu ya ndani yanaruhusiwa, lakini yawe madogo. Hadi leo bafu la ndani la ryokan nyingi za pale ni dogo kweli, na ukiona umati wa watu na mitalawanda yao saa 2 usiku ujue si maonyesho ya watalii. Watu waligombana miaka zaidi ya 20 ili jambo hilo lisife. Mimi nilikulia Mbeya, maji moto ya Songwe nilipelekwa na baba nikiwa darasa la 5, tukasimama, tukatazama mvuke, tukarudi nyumbani. Nilipokisikia kisa cha Kinosaki niliona wivu wa kweli.

Sasa suala la nguo, maana hilo ndilo kubwa kwako. Kwenye nyumba za umma, ndiyo, unavua zote. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, kuna ukuta kati yao na milango tofauti. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi, na kile kitaulo kidogo unachobeba hakitakiwi kugusa maji ya bwawa. Watu hukiweka kichwani. Hakuna njia ya kuzunguka hapo, na sitakudanganya.

Mwenzangu wa Unguja aliniambia mapema kwamba yeye haingii. Tukatafuta ryokan yenye bafu la faragha, wanaliita kashikiri: unaandikisha muda wako mapokezi, unapewa ufunguo, unafunga mlango kwa ndani, uko peke yako na Mola wako. Yeye alioga humo usiku na alfajiri baada ya sala. Jioni alitoka nasi akiwa na yukata juu ya nguo zake za ndani ndefu, hijabu yake kichwani, na hakuna aliyemwangalia vibaya. Mjini kuna pia vibirika vya kutia miguu tu, bure, umekunja nguo mpaka magotini. Tulikaa pale theluji ikidondoka, miguu ikichomeka kwa utamu, yeye akasema hapo ndipo alipopapenda kuliko pote. Kwa hiyo usiache kwenda kwa sababu ya hilo. Ila unapotafuta chumba hakikisha neno kashikiri limeandikwa, na uliza kama unalipia zaidi.

Chakula nacho kina mtihani. Ryokan hulipwa kwa kichwa, na bei hubeba chakula cha jioni na cha asubuhi. Nguruwe ni rahisi kumkwepa; kinachosumbua ni pombe ya kupikia, sake na mirin, ambayo huingia kwenye michuzi mingi bila wewe kuijua. Waandikie hayo siku unayoweka nafasi, si siku unayofika, kwa sababu mpishi hununua vitu kwa hesabu. Sisi tuliandika wiki 2 kabla na mwenzangu akaandaliwa samaki wa kuchoma kwa chumvi, wali na mboga. Januari meza zote ni kaa, yule dume wanayemwita matsuba, ambaye msimu wake huanza Novemba 6 na kwisha Machi. Mimi nilimla mpaka vidole vikauma. Kama wewe humli, muulize shekhe wako kabla ya safari, halafu uwaambie wenyeji, kwa sababu msimu huo bei hupanda sana kwa ajili yake na ni hasara kulipia usichokula.

Na usichelewe. Safari yangu ya kwanza nilikosa treni ya kuunganisha, nikaingia saa 2 na robo usiku. Jiko lilikuwa limefungwa, chakula nilichokilipia kikawa kimekwisha, na mwenye nyumba hakulegea hata kidogo. Nililala na mkate wa dukani. Kule ukiambiwa chakula ni saa 12 jioni, ni saa 12 kweli. Ukiona unachelewa, piga simu ungali njiani.

Nikueleze sasa namna ya kuoga, kwa siku utakapoamua, na kwa dada wengine wanaosoma hapa. Ukishavua unakwenda kwenye safu ya mabomba, unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni kichwa mpaka unyayo, unasuuza mpaka povu lote liishe. Ndipo unaingia bwawani. Maji ya bwawa si ya kujisafishia, ni ya kukaa. Kama umejipaka mafuta mazito, yatoe yote hapo kigodani. Kama umesuka rasta ndefu zifunge juu kwa nguvu, hakuna ncha hata moja inayotakiwa kugusa maji. Mimi nilitumia kilemba kidogo cha taulo. Wenye tatuu wanaruhusiwa katika nyumba zote za umma, na hilo ni jambo la heri, kwa sababu sehemu nyingi Japani hukatazwa mlangoni.

Siku yangu ya kwanza ndani ya Goshono-yu, mojawapo ya zile nyumba za umma, kulikuwa na bibi mmoja, mgongo umepinda, kavaa kitaulo kichwani. Aliniangalia kitambo, akauliza ninatoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafikiri, kisha akapiga maji kwa kiganja, "Kirimanjaro!" na mkono wake wa pili ukashika kikombe kisichokuwepo akawa anakunywa. Kahawa yetu wanaijua kwa jina hilo. Tukacheka wote wawili, nikasahau kwamba niko uchi.

Bibi huyo huyo alinifaa tena tulipotoka kuvaa. Mimi, mtoto wa kanga, niliona yukata ni kitu gani hasa, nikaifunga upesi, upande wa kulia juu. Aliacha kila alichokuwa akifanya akanijia, akafungua mkanda wangu bila kuomba ruhusa, akaukunja upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto ukaja juu, akanipigapiga kifuani kwa kiganja. Uso wake haukuwa wa mzaha. Baadaye mwalimu wangu akanieleza: upande wa kulia ukiwa juu, hivyo ndivyo anavyovishwa maiti. Bibi alikuwa ananivua sanda. Kushoto juu, dada, daima kushoto juu.

Jihadhari na joto. Maji ni kama digrii 42, yana chumvi, na nje ni baridi kali. Dakika 5 ndani, toka ukae ukingoni, rudi. Mimi nilijitia ushujaa dakika 20 mfululizo, niliposimama dunia ikazunguka. Kunywa maji, na mwenye presha azungumze na daktari kabla. Usijaribu nyumba zote kwa siku moja, 3 zinatosha. Kila nyumba ina siku yake ya kufunga katika wiki, tazama ratiba mapokezi.

Ukipata asubuhi ya pili, panda kwa kiberenge cha kamba, kile kinachoning'inia kwenye waya, mpaka hekalu la Onsen-ji mlimani. Wanasimulia kwamba mtawa aitwaye Dochi aliomba siku 1,000 ndipo maji yakachimbuka, mwaka 720. Zamani mgeni alianza hekaluni, akapewa kata na kufundishwa adabu ya kuoga, ndipo akaruhusiwa kugusa maji. Ukishuka, karibu na kituo cha kiberenge pana chemchemi yenyewe na dimbwi la kuchemshia mayai. Unanunua mayai mabichi, unapewa na kifuko cha wavu, unayatundika majini dakika 10 hivi. Hayo hayana mirin.

Kule dirishani mwa treni, mashamba ya Toyooka yakianza kabla hujafika Kinosaki, angalia vizuri mipunga iliyokatwa. Korongo wa mwisho wa porini nchini Japani alikufa hapo hapo mwaka 1971. Wakawafuga, wakabadilisha na namna ya kulima ili vyura na samaki warudi mashambani, na 2005 wakaanza kuwaachia. Safari yangu ya tatu niliwaona wawili, weupe wenye mbawa nyeusi, wamesimama kwenye theluji.

Ukishapata tarehe zako ziweke hapa, nikusaidie kuandika ule ujumbe wa chakula kwa Kijapani.