Kuku ananyonyoka manyoya? Tazama kwanza ni wapi

Wengi wakiona kuku ana kipara hukimbilia duka la mifugo, na muuzaji hakosi cha kukupa: vitamini, dawa ya minyoo, hata antibayotiki. Mimi nafuga uani hapa Dar, wa kienyeji wamechanganyika na chotara, na sitoi hela kabla sijamkamata kuku mwenyewe nikaona manyoya yametoka sehemu gani.

Mgongoni na kisogoni, tena kwa mitetea wawili watatu tu, ni jogoo. Anawapanda walewale kila siku. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10; wa ziada muuze, na anayebaki mpunguze ncha za kucha. Usitegemee kipara kizibe upesi: unyoya uliokatika huku shina limebaki kwenye ngozi hauoti mpaka kuku abadilishe manyoya.

Yakianza kutoka kichwani na shingoni, kisha mwili mzima, huku mapya yakichomoza kama miiba, basi anabadilisha manyoya. Ataacha kutaga kwa wiki kadhaa, pengine miezi, lakini si mgonjwa. Hata kukosa maji siku nzima, jambo tunalolijua sana mjini, kunaweza kuwaanzishia. Na kama shingo iko wazi tangu alipoanguliwa, ndugu yangu, huyo ni kishingo. Hana dawa.

Chini ya mkia, puliza manyoya. Ukiona vidudu vya rangi ya majani makavu vinakimbia na mayai meupe yameganda kwenye mashina, ni chawa. Utitiri mwekundu ni mjanja zaidi, mchana unajificha kwenye nyufa za mbao. Nenda usiku na tochi, pangusa kitambaa cheupe chini ya kichanja. Kikitoka na madoa ya damu, umeupata. Hapo dawa ipigwe kwenye banda pia, kuku peke yake haitoshi. Waachie na sehemu kavu yenye mchanga na majivu wajigaragaze.

Juu ya mkia, ngozi nyekundu, pengine kidonda: wanadonoana. Hapa ndipo penye kazi. Aliyejeruhiwa mtoe siku hiyohiyo, maana wakiona damu hawaachi, wanaweza kumla hadi utumbo. Kidonda kipulizie ile dawa ya vidonda ya buluu ya duka la mifugo, inatibu na inaficha wekundu.

Halafu hesabu nafasi. Kuku wakubwa 4 au 5 kwa mita moja ya mraba, zaidi ya hapo unatafuta ugomvi. Angalia chakula: wengi tunawapa pumba ya mahindi na mabaki ya jikoni, wakati anayetaga anahitaji protini ya asilimia 16 hadi 18. Ongeza mashudu ya alizeti na dagaa, ila dagaa wakizidi mayai yatanuka samaki. Chumvi nayo ikikosekana wanaanza kutafuta manyoya na damu. Nusu kilo kwa kilo 100 za chakula inatosha, na ipunguze kama dagaa wako ni wa chumvi. Zima taa ya usiku kucha. Viota viwe na giza, kimoja kwa kuku 5, kwa sababu anayetaga mwangani wenzake huona ile nyama nyekundu inayochomoza yai likitoka, wakaidonoa.

Wafungwao kutwa nzima wanachoka. Kabichi iliyoning'inizwa kwa kamba usawa wa kichwa huwashughulisha mpaka jioni. Kukata midomo sikushauri kwa kuku wa uani. Kunauma, na ukikosea kuku hawezi kula vizuri tena.

Kaa pembeni ukamjue mwanzilishi, mara nyingi ni mmoja, na manyoya yake mwenyewe yako kamili. Mtenge siku kadhaa, umrudishe usiku wenzake wakishalala, asubuhi ataanza upya kama mgeni. Akirudia, muuze. Wangu mmoja aliishia kwenye pilau.