Maswali ya Wasomaji: Nitaulipiaje mfereji nisiouona?

SWALI: Shirika letu lina ofisi hapa Westlands. Tunagharamia ufukuaji wa mifereji ya umwagiliaji kando ya mto Shabelle, Somalia, na ugawaji wa mbegu za mtama. Kwa sababu za usalama hatufiki huko. Kila ripoti husema kazi imekamilika, na picha zipo. Nihakikishe vipi kabla ya kuidhinisha malipo?

JIBU: Ukianza kukagua kazi ikiisha, umechelewa. Mkandarasi hulipwa kwa tope alilotoa, na tope likishatoka hakuna awezaye kulipima. Kabla ya jembe la kwanza, mtu asiyemtegemea mkandarasi apige vigingi vyenye namba kila mita 100. Penye kila kigingi apime upana wa juu, upana wa chini na kina, kisha arudie mwishoni. Jumlisha upana wa juu na wa chini, gawanya kwa 2, zidisha kwa kina: hilo ndilo eneo la mkato, yaani ukubwa wa uso wa mfereji ukikatwa kukingama.

Tuseme mfereji uliojaa tope una mita 3 juu, 2 chini, kina 0.6: eneo la mkato ni mita za mraba 1.5. Ukishafukuliwa ni 3 juu, 1 chini, kina 1.2: eneo ni 2.4. Tofauti ni 0.9, hivyo kwa urefu wa mita 1,000 unalipia mita za ujazo 900. Ankara ikisoma 2,400, umedaiwa mfereji mzima kana kwamba ulichimbwa upya. Ujanja huu ni wa kawaida mno.

Picha ipigwe penye kigingi, fimbo yenye alama kila sentimita 20 ikiwa imesimama ndani ya mfereji. Zisitumwe WhatsApp kama picha za kawaida, maana taarifa za mahali hufutika. Zitumwe kama faili. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni za bure, lakini pikseli yake (nukta moja ya picha) ya mita 10 haiuoni mfereji wa mita 3. Tazama ukijani wa mashamba: linganisha yanayopata maji ya mfereji na ya jirani yasiyoyapata. Msimu wa Gu, Aprili hadi Juni, mawingu husumbua, na mvua hukijanisha mashamba hata pasipo mfereji.

Mbegu zijaribiwe kabla ya kupakiwa: 100 kutoka magunia tofauti, ndani ya kitambaa chenye unyevu, zihesabiwe siku ya saba. Zikiota chini ya 70, rudisha. Kaya yenye njaa hupika mbegu, kwa hiyo chakula au pesa viende pamoja nazo.

Ukiwapigia wakulima simu, uliza “ulipata kilo ngapi za mbegu?”, usiwatajie jibu. Na wahojaji wasibebe majina ya watu kwenye simu: kwenye vizuizi vya barabarani simu hupekuliwa.