Mawenzi iko upande gani? Nilivyojifunza kusoma picha

Nina kibanda cha picha hapa Moshi mjini, si mbali na mnara wa saa. Kazi kubwa ni picha za pasipoti, laminesheni, na kukuza picha za marehemu kwa ajili ya misiba. Miaka michache iliyopita walikuja vijana wawili na picha ndogo ya harusi, nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1974. Babu yao alikuwa amefariki na walitaka sura yake ya ujanani iwekwe kando ya jeneza. Walikuwa na karatasi ya majina waliyonakili kwenye albamu ya ndugu yao mmoja kule Marangu: wanaume saba mstari mmoja, babu ni wa tatu kutoka kushoto. Nikahesabu, nikakata, nikakuza, nikaondoa mikwaruzo, nikatia fremu.

Kesho yake asubuhi shangazi yao akanipigia simu kutoka msibani. Hakunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu uliyetuwekea ni baba mdogo. Naye yupo hapa, amekaa na wafiwa."

Nilimwomba radhi, nikairudia kazi saa ile ile na kuipeleka mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka yule mzee alivyokaa akiitazama sura yake pembeni ya jeneza la kaka yake, naumia.

Jioni nilirudi kwenye kompyuta kuitazama tena ile picha niliyoskani. Hesabu yangu ilikuwa sahihi na karatasi ya Marangu ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba nakala ile ilisafishwa upya kutoka kwenye negativu, ile filamu ya kamera, iliyolazwa kinyume. Kushoto kukawa kulia, na wa tatu akawa wa tano. Ndugu wale wamefanana, wote wana nywele za afro na suruali za bugaluu, kwa hiyo hata wajukuu hawakushtuka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba picha yenyewe ilikuwa imejaa dalili. Mfuko wa juu wa koti la suti hushonwa upande wa kushoto wa mvaaji, upande wa moyo. Kwenye picha ile mifuko yote saba ilikuwa upande wa kulia. Saa za mkononi zilikuwa mkono wa kulia kwa kila aliyevaa. Na nyuma yao Mlima Kilimanjaro ulikuwa umefunguka, kilele cha Mawenzi kikiwa kushoto na cha Kibo kulia! Mimi nimezaliwa hapa. Ukisimama Moshi ukatazama mlima, unatazama kaskazini, na Kibo iko kushoto, Mawenzi kulia. Anayeiona Mawenzi kushoto yuko ng'ambo, upande wa Kenya, au ana picha iliyogeuzwa. Nilikuwa nimeuona mlima ule kwenye kioo cha kompyuta kwa saa nzima nikiondoa mikwaruzo juu yake, na sikuusoma.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na nakushauri uujaribu. Ficha maelezo kwanza. Kama kuna maandishi chini au nyuma ya picha, yafunike kwa mkono, kisha taja kwa sauti vitu unavyoviona, kimoja kimoja, bila kuvipa maana. Usiseme "harusi". Sema: wanaume saba, makoti, maua kifuani, nyasi, vivuli, mlima. Ubongo una haraka ya kutunga hadithi, na ukishaitunga unaacha kuangalia. Mimi nilipewa hadithi ya "wa tatu kutoka kushoto", nikaona watu saba tu.

Kwa vivuli usiwe na haraka. Moshi tuko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita kusini kwetu. Kivuli cha mchana wa Desemba huelekea mlimani. Mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini, na kivuli huanguka kuelekea tambarare. Familia ile ilikuwa inabishana: wengine wanasema harusi ilikuwa Juni, wengine Desemba, wakati watu wamerudi nyumbani. Kwenye picha, mlima uko nyuma ya watu na vivuli vyao vimelala nyuma, kuelekea huko huko mlimani. Nilipoirudisha picha upande wake, vivuli vikawa vinaelekea pia kulia, yaani mashariki. Jua lilikuwa magharibi. Ni jioni, na Juni haiwezekani.

Halafu jiulize mpiga picha alisimama wapi na alitaka nini. Zile picha za tembo wakubwa na Kibo imejaa nyuma yao hupigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali sana, nayo huusogeza mlima karibu na tembo. Hakuna aliyedanganya, ila usidhani tembo anakanyaga miguu ya mlima. Kwenye postikadi za enzi za Wajerumani utakuta mtu wa kwetu amesimamishwa na mkuki, chini pameandikwa "Dschagga" tu, yaani Mchaga. Mtu mzima, mwenye jina na ukoo, ameandikwa kama mfano wa mmea. Mikono yake itazame, na macho yake anamtazama nani. Hayo hayakuandikwa na mwenye kamera.

Kila mvua zikipita, kwenye makundi ya WhatsApp huzunguka picha ya Kibo nyeupe mpaka chini, na maneno "barafu imerudi". Ile ni theluji mpya, inaweza kuyeyuka ndani ya siku chache. Barafu ya kudumu ni kuta nene zenye kingo kali, nayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipochorwa kwenye ramani mwaka 1912. Picha mbili za mlima hazilinganishwi mpaka ujue zote zilipigwa msimu gani. Hili linawahusu pia wanaoweka picha ya baada ya mvua kando ya picha ya kiangazi ili kuonyesha hasara kubwa kuliko ilivyo. Hasara yenyewe inatosha.

Picha za mafuriko na ajali nazisoma kwa namba za magari. Zetu ni T, tarakimu tatu, herufi tatu, na pikipiki huanza na MC. Za Kenya huanza na K. Mabango ya maduka nayo husema mengi. Picha ikishapita WhatsApp, siku na mahali vilivyokuwa ndani ya faili huondolewa, isipokuwa kama imetumwa kama dokumenti, kwa hiyo huwa naitafuta kwa Google Lens nione kama ilishatokea miaka ya nyuma kwa jina lingine.

Baada ya mazishi shangazi alikuja kibandani, akakaa kwenye kiti cha wateja karibu saa nzima. Nikamchapishia picha upande wake sahihi, akanitajia majina, nami nikaandika nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na kuchafua uso wa picha. Juu ya majina nimeandika: "Moshi, Desemba 1974, jioni. Kibo kushoto, Mawenzi kulia."