Kwa nini Vietnam hawaachi pikipiki

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wa Hanoi na Ho Chi Minh City wasiachane na pikipiki wapande basi. Jibu kubwa liko mtaani kwao. Wakazi wengi mno wanaishi ndani ya vichochoro, vingine havifiki hata mita mbili kwa upana. Humo gari dogo halipenyi, sembuse basi. Pikipiki inakutoa sebuleni (usiku wengi huilaza humo humo ndani) hadi mlangoni kwa kazi. Asubuhi inampeleka mtoto shule, inapita sokoni na mwenyewe ananunua mboga bila kushuka, mchana inabeba mitungi ya gesi. Ukiipiga marufuku ghafla, wa kwanza kukosa riziki ni wachuuzi na madereva wa bodaboda.

Moshi ni tatizo la kweli, sibishi. Julai 2025 serikali iliagiza Hanoi izuie pikipiki za petroli katikati ya jiji kuanzia Julai 2026. Za umeme ni sawa kabisa, ila mnyonge asaidiwe kwanza kuinunua. Na wanabadilika wakitaka: kofia ngumu zilipolazimishwa Desemba 2007, karibu kila mtu alivaa mara moja.