Gitaa kavu la zamani mtandaoni: mwangalie muuzaji kwanza

Ndugu, umeuliza kama ni salama kununua lile gitaa la Martin, kampuni ya Marekani, la miaka ya 1960 kwa mtu usiyemjua mtandaoni. Mimi ningeanza na maduka yanayojulikana kwa vyombo vya zamani, kama Gruhn Guitars la Nashville au Elderly Instruments la Michigan, yote ya Marekani tangu miaka ya 1970. Bei zao ziko juu, lakini unalipia pia jicho la fundi.

Ukiamua kubaki na huyo mtu, mwombe picha ambayo wengi hawaiombi: rula ndefu iliyonyooka ilazwe juu ya freti, yaani vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo, ielekezwe kwenye daraja, kile kipande cha mbao usoni mwa gitaa kinachoshika nyuzi. Ncha ikifika usawa wa juu wa daraja, vizuri. Ikigota chini zaidi, ubavuni, ujue nyuzi zimeivuta shingo kwa miaka mingi, na huenda ikabidi ing'olewe na kupachikwa upya. Kazi hiyo ni ghali mno, na hapo ndipo bei rahisi inapogeuka mzigo. Aipige picha pia namba ya gitaa iliyo ndani ya tundu la sauti, kwenye kipande cha mbao chini ya shingo. Martin wana orodha ya namba na miaka yake, linganisha mwenyewe. Akianza kukuzungusha, achana naye.

Kama mbao ni rozwudi ya Brazili, mbao ngumu iliyotumika sana hadi 1969, uliza kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kabla gitaa halijavuka mpaka, maana forodha wanaweza kulizuia.

Lipa kwa njia inayomlinda mnunuzi, na masharti ya kurudisha yawe kwa maandishi.